Msomaji wa Kando ya Barabara: Uhakiki wa Usanifu wa Matatu katika Njia ya Ruiru na Thika

Wahakiki walioyashughulikia maandishi ya matatu nchini Kenya wameelekea kuyachukua kuwa tawi la fasihi simulizi ya mjini. Kaulimbiu, mafumbo ya Sheng na majina ya kujigamba huokotwa ubavuni mwa gari, yakapangwa katika makundi, kisha yakachambuliwa kimaudhui kana kwamba yametolewa katika diwani. Mtazamo huo una manufaa yake. Kasoro yake ni kwamba humsahau msomaji wa kwanza wa matini hiyo, yaani abiria aliyesimama kando ya barabara akitaka kujua jambo moja tu: gari hili laenda wapi?

Swali hilo halipaswi kuachiwa wataalamu wa uchukuzi peke yao. Ni swali la fani. Barabara ya kutoka Nairobi hadi Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, ilianza kupanuliwa mwaka 2009 na kufunguliwa rasmi mwezi Novemba 2012. Magari yaliyokuwa yakijikokota sasa hupita kwa kasi, na muda wa kuyasoma umepungua kwa kadiri hiyo hiyo. Katika muda huo mfupi msomaji hutafuta nambari: 45 ni ya Githurai, 145 ni ya Ruiru, 237 ni ya Thika. Anayekwenda Juja akipanda 145 kwa kudhani ni 237 ataachwa Ruiru, na nauli nyingine itamtoka. Kwa hiyo tarakimu hizo, ambazo hakuna mhakiki anayezinukuu, ndizo kauli nzito kuliko zote zilizoandikwa juu ya gari.

Historia ya usanifu huu imegawanywa na tarehe moja. Tarehe 1 Februari 2004 kanuni zinazohusishwa na waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilianza kutekelezwa. Pamoja na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, kila matatu ilitakiwa kuwa na mstari wa manjano ulioizunguka na kuonyesha njia inayoifuata. Michoro iliyokuwa imestawi katika miaka ya tisini ikafutwa. Wasanii wa karakana walinung'unika, na haki walikuwa nayo, kwani riziki na sauti yao vilizimwa kwa pamoja. Hata hivyo mhakiki muadilifu hana budi kukiri kwamba mstari ule ulimpa msomaji kitu ambacho hakuwa nacho awali, yaani mahali maalumu pa kutazama. Mwishoni mwa mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliwatetea vijana waliokuwa wakizuiwa kuyapamba magari, na rangi zikarudi kwa kishindo. Mwezi Novemba 2018 serikali ikazihuisha tena kanuni za Michuki. Mvutano huu hujadiliwa kama ugomvi kati ya dola na vijana. Kwa nadra sana abiria huulizwa alichopata au alichopoteza.

Wapo watakaosema kwamba kumdai msanii ampangie msomaji mahali pa kutazama ni urasimu mtupu. La hasha. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Na jina hilo huandikwa mahali pake panapojulikana, karibu na pindo la chini. Wauzaji wa Mombasa kama Kaderdina Hajee Essak, aliyefahamika kwa chapa ya «Mali ya Abdulla», waliuza michoro ya kila namna bila ya kulihamisha jina likawa la kutafutwa. Hali kadhalika, katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, vipande vinne vya ubeti viliwekwa katika mstari mmoja, na vina vya bahari vikashuka ukingoni mwa ukurasa mmoja baada ya mwingine, ili jicho la msomaji lipate pa kushikilia. Kanuni za mpangilio zimo ndani ya mapokeo yenyewe, na hazikumnyima msanii uhuru.

Wolfgang Iser alipozungumzia mapengo ambayo matini humwachia msomaji ayajaze, alikuwa akifikiria riwaya. Matatu iliyopambwa, ile iitwayo nganya katika Sheng, ina pengo la aina nyingine. Picha za wanamuziki na wanasoka hujaa ubavuni, taa huwekwa hadi chini ya milango, ilhali nambari ya njia aghalabu hubaki katika kibao kidogo nyuma ya kioo cha mbele. Pengo hilo hajazi msomaji. Hulijaza makanga kwa sauti yake. Matini ya matatu, basi, nusu yake imeandikwa na nusu hutamkwa mlangoni, na mtafiti anayepiga picha tu hurudi na nusu moja. Mtetezi wa fani hii atajibu kwamba hapo ndipo penye uhai wake, na jibu hilo lina uzito. Lakini makanga si mfasiri asiye na maslahi. Anataka viti vijae, naye huweza kuitia Juja gari litakaloishia Ruiru. Kiziwi naye atafanya nini? Na mgeni asiyejua Sheng? Ule upeo wa matarajio aliouzungumzia Hans Robert Jauss hapa umekatwa kwa kipimo cha kijana wa mjini mwenye masikio mazima.

Haifuati kwamba pambo ni adui. Gari lina nyuso kadhaa, na kila uso una msomaji wake. Mgongo wa gari husomwa na dereva aliyekwama nyuma yake katika foleni ya Githurai; huyo ana wakati, wala hana haja ya kupanda. Fumbo refu na mzaha mkali vinastahili kuwekwa hapo, na wasanii wengi wamelijua hilo bila ya kufundishwa na mtu. Ubavu husomwa na aliye karibu na mlango. Uso wa mbele ni wa yule anayepunga mkono kutoka mbali. Gari linalofaulu ni lile ambalo msanii ameifanya nambari yenyewe kuwa kiini cha pambo, akaichora kwa herufi pana za mtindo ule ule wa jina la gari, hata uzuri na taarifa visiweze kutenganishwa. Aghalabu 237 huwa na mapambo machache kuliko 45, na kwa jambo hili moja huisomesha njia yake vyema zaidi, ingawa hakuna atakayeisimamia kuitazama.

Palipobaki na kasoro isiyo na utetezi ni madirishani. Picha iliyobandikwa juu ya kioo hupendeza kwa aliye nje. Aliyeketi ndani usiku huona giza na madoa ya rangi, na inambidi amwulize makanga kama Ruiru imeshapita.