Tunda la Damasko: mwanafunzi anaandika maisha ya An-Nawawi

Waislamu wa Kasongo na Nyangwe walipata dini kwa njia ya pwani, na pwani ilifuata sheria ya Shafi. Kwa hiyo jina la An-Nawawi si geni kwetu: ndiye aliandika Minhaj, kitabu cha sheria, na Hadithi Arobaini (ukihesabu utapata 42). Maisha yake tunayasoma kwa mwanafunzi wake Ibn al-Attar, aliyekaa naye karibu miaka sita.

Mwanafunzi huyo anapenda mwalimu wake kupita kipimo, na kitabu kinaumia juu ya hiyo. An-Nawawi alizaliwa 1233 katika Nawa, kusini ya Damasko. Eti akiwa na miaka kumi watoto walimlazimisha kucheza, naye akakimbia akilia na kusoma Kurani. Sisi walimu, mtoto wa namna ile tungemhurumia kwanza, ndipo tumsifu. Halafu masomo 12 kwa siku, chakula mara moja tu, usiku. Hesabu nyingi, mtu haonekani.

Mtu anaonekana penye tunda. Alikataa kula matunda ya Damasko. Juu ya nini? Si kwa kutesa mwili bure. Alijibu kama mwanasheria: mashamba mengi kule ni ya wakfu, ama ya watu wasioweza kujisimamia mali, na mapatano ya kugawana matunda na mlimaji yana ubishi kati ya wanazuoni. Sasa roho yake itatulia namna gani? Hapo sheria na usufi vinakuwa kitu kimoja. Na huyo asiyegusa tunda ndiye alimwandikia Sultani Baybars kutetea wenye mashamba yale yale! Ibn al-Attar amenakili barua zake; kwetu ndizo kurasa bora za kitabu.

Pengine anapita mbio. An-Nawawi alinunua kitabu cha uganga cha Ibn Sina, moyo ukaingia giza, akakiuza, nuru ikarudi. Hakuna swali hata moja! Kijana anayetaka kuwa munganga atafikiri nini? Mwenye kufundisha kitabu hiki asimame hapo kwanza.

Tangu 1267 mpaka kufa kwake 1277 alisimamia Dar al-Hadith al-Ashrafiyya bila kula mshahara wake. Sisi tunaohesabu siku za mwezi tulisoma pale polepole. Hakuoa. Na chakula? Kilitoka Nawa, kwa wazazi. Ibn al-Attar hakuficha hiyo, na tunamshukuru: nyuma ya zuhudi ile kulikuwa baba mwenye duka.