Mguu wa Kushoto

Klachi niliijua kwenye barabara ya Mombo kwenda Lushoto, ile inayopanda Usambara kona baada ya kona, huku mwamba, huku korongo. Mjomba alikuwa na Land Rover ndefu ya zamani, 109, na tukifika penye mwinuko mkali alikuwa akilisimamisha kwa makusudi, anashuka, anazunguka, ananipisha nyuma ya usukani. "Haya mjomba, liondoe," ananiambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. "Lisirudi hata kidole." Naingiza gia ya kwanza, napandisha resi kidogo, naanza kuinua mguu wa kushoto polepole mpaka sauti ya injini inazama na pua ya gari inanyanyuka kwa unene wa kitabu. Hapo klachi imeshika. Naachia breki, na gari haliendi mbele wala halirudi nyuma. Limening'inia kwenye unyayo wangu. Mjomba aliniacha hapo sekunde mbili tatu tu, kwa sababu zikizidi klachi inaungua, lakini zilitosha jasho kunitoka. Alitaka nikijue kile kipimo kwa mguu, macho yawe yanatazama barabara.

Miaka mingi baadaye nilikwenda na mguu huo huo Ennis, mji mdogo kusini mwa Dallas katika jimbo la Texas, kwenye Texas Motorplex, uwanja wa mbio za robo maili uliofunguliwa mwaka 1986 na ambao njia yake imemwagwa zege mwanzo mpaka mwisho. Robo maili ni mita 402. Magari mawili yanasimama ubavu kwa ubavu, taa zinawaka, yanaondoka, anayefika kwanza kashinda. Ninapowasimulia ndugu zangu nyumbani, watu waliokua wakisubiri Safari Rally ipite, huniuliza swali moja: hakuna kona, hakuna tope, hakuna wa kukusomea njia, sasa ufundi uko wapi? Si unakanyaga mafuta mpaka mwisho, basi? Nawaelewa. Nami niliamini hivyo mpaka siku nilipokaa kwenye kile kiti.

Gari lilikuwa la fundi mmoja, mzaliwa wa Mombasa, aliyehamia Texas zamani, na ambaye sisi tunaoishi huko tunampelekea giaboksi ambazo wengine wamezikatia tamaa. Ni Chevrolet Corvette Z06 ya mwaka 2002: silinda nane, lita 5.7, nguvu za farasi 405, gia sita za mkono. Mjini ni gari lenye adabu zake. Kwenye mstari wa kuanzia linageuka, kwa sababu nguvu zote hizo hazina pa kupitia ila mahali pawili pa msuguano: sahani ya klachi inapobana flaiwili, na tairi linapokanyaga zege. Na sehemu ya tairi inayogusa chini kwa wakati mmoja si kubwa. Ni kama kiganja cha mtu mzima na vidole vyake.

Hapo ndipo ufundi ulipo, na hapo ndipo wengi wasipotazama. Tairi lisiloteleza hata chembe halisukumi kwa nguvu zake zote. Linaloteleza mno halisukumi pia; linatoa moshi tu. Mshiko mkubwa kuliko wote uko kati ya hayo mawili, pale tairi linapozunguka haraka kidogo kuliko gari linavyosogea. Ukiachia klachi ghafla na resi ziko juu, matairi yanaserereka, na yakishaanza hayamsikii mtu mpaka upunguze mafuta. Ukiiachia na resi ziko chini, injini inalemewa, inakohoa, gari linaondoka kama limefungiwa jiwe. Njia ya kupita kati ya makosa haya ni nyembamba, tena haitulii mahali pamoja. Zege likipoa magharibi, inahama. Upepo wa tairi ukizidi, inahama. Gari lililotangulia likidondosha maji mstarini, inahama. Ndiyo maana hakuna namba ya kukariri. Mwenye kuitafuta anaitafuta upya kila anaposimama pale.

Fundi alinitembeza kwanza kwa miguu mpaka nyuma kidogo ya mstari. Mpira wa magari mengi umelala pale tabaka juu ya tabaka, na juu yake hupulizwa dawa ya kunatisha, hata soli za viatu vyangu zikawa zinabanduka kwa sauti kama nimekanyaga ulimbo. Nyuma ya hapo kuna dimbwi dogo la maji. Magari yenye matairi laini yasiyo na mifereji huingia humo, yakaloa, kisha yakazungushwa palepale mpaka yakapata moto na kunata. Nilikuwa naelekea majini kama nilivyowaona wengine, fundi akanishika bega. "Yakhe, lizungushe pembeni. Haya matairi yetu ya barabarani yana mifereji, yatabeba maji mpaka kwenye mstari. Utaondoka juu ya maji uliyoyaleta mwenyewe."

Mbele kuna nguzo ya taa inayoitwa Mti wa Krismasi, inayotumika katika mbio hizi tangu mwaka 1963. Ukisogea, taa ndogo ya kwanza inawaka kukwambia uko karibu. Ukisogea tena sentimita kama 18, inawaka ya pili, umefika. Taratibu ya kawaida ni taa tatu za rangi ya kaharabu kushuka moja moja, nusu sekunde kati ya moja na nyingine, kisha kijani. Ukiondoka kabla, nyekundu. Jambo lililonishangaza ni kwamba saa inayopima mwendo wako haianzi na kijani. Inaanza tairi la mbele linapoondoka kwenye mwale wa taa. Siku ya mashindano dereva mzembe wa macho anaweza kuwa na gari lenye kasi na bado akashindwa na la polepole lililowahi kuondoka. Lakini jioni ile ilikuwa ya mazoezi. "Leo hushindani na mtu," fundi aliniambia dirishani. "Ikiwa kijani, kaa. Vuta pumzi. Ukiwa tayari ndio uondoke."

Mara ya kwanza nilipandisha resi mpaka 4,000, nikauchomoa mguu kwenye klachi kama niliyekanyaga kaa la moto. Matairi yakapiga ukelele, mkia ukatoka upande, nikaachia mafuta, nikaanza upya nikiwa tayari njiani. Mara ya pili nikaogopa, nikaondoka na 1,500, na injini nzima ile ikainama kama ng'ombe aliyekataa jembe. Fundi hakunilaumu. Aliniuliza klachi nilijifunzia wapi. Nikamweleza habari za Mombo na Lushoto, Land Rover, pua kunyanyuka. Akatikisa kichwa kwa furaha.

"Basi liondoe kama uko mlimani. Mlima wenyewe umelala tu. Halafu mafuta yafuate mguu wa kushoto, yasiutangulie."

Ya tatu nilikaa sana kwenye kijani. Resi 2,500, mshale umetulia. Nikainua mguu wa kushoto mpaka nikakutana na kipimo cha mjomba, kilekile, hakijazeeka, kisha nikaupitisha pale bila kusimama na bila kuruka, mguu wa kulia ukishuka kwa kasi ileile ambayo wa kushoto ulikuwa ukipanda. Yote hayo hayakuzidi nusu sekunde. Gari likachuchumaa. Uzito wake ukarudi nyuma, ukayalalia matairi, na jinsi ulivyoyalalia ndivyo yalivyozidi kushika, na jinsi yalivyoshika ndivyo uzito ulivyozidi kurudi. Usukani ukawa mwepesi mikononi. Na matairi hayakupiga ukelele. Yaliguna. Tangu siku ile naweza kusimama nyuma ya uzio, mgongo nimeupa uwanja, nikamjua aliyeondoka vizuri: tairi linaloteleza kupita kiasi hulia, linaloteleza inavyostahili huguna kama mtu anayenyanyua gunia.

Gia ndiyo iliyonipa kazi mpya kabisa. Kwetu usukani uko kulia, gia tunaingiza kwa mkono wa kushoto, na ya kwanza iko mbali, upande wa abiria. Marekani usukani uko kushoto. Gia ni za mkono wa kulia, na ya kwanza iko karibu, inagusana na paja. Miguu haikuwa na la kujifunza, mkono ulikuwa na yote. Na nafasi ya kujifunza ni ndogo: gia ya kwanza ya gari lile inaisha kwenye kama kilomita 79 kwa saa, mshale ukiwa 6,500, na inaisha kabla akili haijamaliza kushangaa. Unakanyaga klachi, unavuta gia nyuma moja kwa moja, unaachia. Mshale unashuka hadi kama 4,500, unaanza kupanda tena. Gia hizo zimepangwa kwa uwiano mzuri sana. Kutoka ya kwanza kwenda ya pili, ya pili kwenda ya tatu, ya tatu kwenda ya nne, kila mara unatua karibu na pale pale, kama ngazi ambayo fundi seremala alipima kila kipandio.

Ya pili kwenda ya tatu ndiyo inayomfichua dereva. Gia inapaswa kwenda mbele na kulia kwa wakati mmoja, na mwenye haraka hufumba ngumi, akaisukuma kwa nguvu akijaribu kuielekeza. Fundi alinifumbua vidole kimoja kimoja. Ndani ya giaboksi kuna springi inayorudisha mkono wa gia katikati, kwenye mstari wa tatu na nne. Ukiisukuma kwa kiganja kilicho wazi, yenyewe inajua njia. Ukiikamata, unaipoteza. Na kosa la kuogopwa ni la mwisho: kutoka ya tatu, unapotafuta ya nne, mkono ukajivuta kuelekea pajani, ukaangukia ya pili. Magurudumu yanakwenda kama kilomita 163 kwa saa. Ya pili ikishika kwa mwendo huo, injini iliyotengenezwa isipite 6,600 inalazimishwa kuzunguka 9,400. Valvu hazipati muda wa kufunga, pistoni inazikuta zimening'inia. Injini nzima inakufa kwa sababu ya sentimita chache za pupa. Kwa hiyo tatu kwenda nne huvutwa kwa vidole viwili, nyuma, wima. Kasi yake inatokana na kunyooka.

Ni mahali hapa ninapomkumbuka Ronnie Sox, aliyefariki mwaka 2006, mtu wa Burlington, North Carolina, ambaye Wamarekani walimpa jina la Bwana Gia Nne. Yeye na mwenzake Buddy Martin walikimbiza magari ya Plymouth tangu miaka ya 1960, na daraja la Pro Stock lilipoanzishwa mwaka 1970 walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuogopwa humo. Wapinzani wake walikuwa na injini kama zake. Tofauti ilikuwa mkono. Ukibadili gia kwa nusu sekunde kwenye kilomita 113 kwa saa, gari limeteleza kama mita 16 bila kusukumwa, na mara tatu za hivyo zinamtosha mpinzani kukupita. Sox hakuondoa mguu kwenye mafuta. Klachi aliigusa tu, gia ikapita katika upenyo ule. Katika filamu za zamani sauti ya injini yake haikatiki, inapanda ngazi. Mimi sikuthubutu kufanya hivyo kwenye gari la mtu.

Corvette iliyoanza mwaka wa modeli 2020 haina kanyagio la klachi. Giaboksi yake ina klachi mbili zinazopokezana, kompyuta ndiyo inayoziachia, na hakuna binadamu anayeifikia kwa kasi. Nimepanda moja. Ni gari la ajabu, na katika mita zile 402 linaiacha nyuma ile Z06 ya fundi. Lakini nilipofika mwisho niliona nimebebwa, nikatafuta kwenye unyayo wa kushoto cha kukumbuka, nisipate.

Mtu akimaliza, kwenye njia ya kurudia kuna kibanda ambako dirisha linafunguka na mkono unatoa kikaratasi. Kimeandikwa muda wa kila kituo: futi 60 za mwanzo, 330, nusu ya njia, mpaka mstari wa mwisho na kasi yake. Mara ya tatu kilisema sekunde 12.9 na sehemu kidogo. Nilikimbia nacho mpaka kwa fundi kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule. Madereva wazuri hulipeleka gari lile karibu na 12 na nusu, na nilijua hivyo, na sikujali. Yeye alikipokea, akaziba muda wa mwisho kwa kidole gumba, akakisogeza kwenye taa ya gari. Alisoma mstari wa futi 60 tu: 2.01. Mara ya kwanza ulikuwa 2.4. Akausoma tena, kimya, kisha akanirudishia funguo.