Umoja Dhidi ya Nani? Uhakiki wa Nyimbo za Mashabiki wa Celtic na Rangers na Wajibu wa Vilabu

Utangulizi

Mtahiniwa anapoulizwa ataje dhima za nyimbo katika jamii, jibu huwa mdomoni tayari: nyimbo huburudisha, huelimisha, huhifadhi historia na hukuza umoja. Majibu haya ni sahihi na mtahini huyatuza. Hata hivyo, hoja ya umoja aghalabu hutajwa pasi na kuchunguzwa. Ni umoja wa nani? Tena, umoja huo hujengwa dhidi ya nani? Makala haya yanakusudia kuichunguza hoja hiyo kwa kurejelea nyimbo za kimadhehebu ambazo mashabiki wa Celtic na Rangers, timu mbili za kandanda za jiji la Glasgow nchini Uskoti, wamekuwa wakiimbiana kwa miongo mingi. Aidha, tutajadili swali ambalo wahakiki wa fasihi simulizi hulipitia mbali: wimbo usio na mtunzi mmoja ukidhuru, nani awajibike?

Huenda mwalimu akauliza Glasgow ina uhusiano gani na darasa lake la Kidato cha Tatu. Uhusiano upo. Nyimbo hizi zimejadiliwa mahakamani, bungeni na katika vikao vya Shirikisho la Soka la Ulaya (UEFA), hivyo basi tuna ushahidi mwingi kuhusu uwasilishaji wake na athari zake. Isitoshe, ni rahisi kuzichambua nyimbo za wengine bila hasira, kisha tukazigeukia zetu tukiwa na macho makali zaidi.

Muktadha wa nyimbo

Klabu ya Rangers ilianzishwa mwaka wa 1872. Celtic iliasisiwa mwaka wa 1887 na Brother Walfrid, mtawa Mkatoliki mzaliwa wa Ayalandi, kwa nia ya kuchangisha pesa za kuwalisha maskini wa mashariki mwa Glasgow. Wengi wa maskini hao walikuwa wahamiaji wa Kiayalandi, au wazao wao, waliofukuzwa kwao na umaskini na ile njaa kuu iliyoanza mwaka wa 1845 baada ya ugonjwa kuangamiza viazi. Timu hizi zilikutana kwa mara ya kwanza mwezi wa Mei 1888 na Celtic ikashinda kwa mabao 5 kwa 2. Uhasama wa kidini haukuzaliwa siku hiyo. Ulikua pole pole, kadiri Rangers ilivyotambulishwa na Uprotestanti na utiifu kwa taji la Uingereza, nayo Celtic ikatambulishwa na Ukatoliki na asili ya Kiayalandi.

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, Rangers haikuwa ikisajili wachezaji waliojulikana kuwa Wakatoliki. Kanuni hiyo haikuandikwa popote, lakini kila mtu aliijua. Ilivunjwa hadharani mwezi wa Julai 1989 meneja Graeme Souness alipomsajili Mo Johnston, Mkatoliki aliyewahi kuichezea Celtic. Baadhi ya mashabiki walighadhabika. Celtic, kwa upande wake, haikuwa na kanuni ya namna hiyo. Jock Stein, meneja aliyeiongoza kutwaa Kombe la Ulaya mwaka wa 1967, alikuwa Mprotestanti.

Hoja hii ina uzito kwa mhakiki. Shabiki wa Rangers aliyeimba kuwadunisha Wakatoliki kabla ya 1989 alikuwa akisema kwa sauti jambo ambalo klabu yake ililitenda kimya kimya. Hatuwezi kusema kwamba wimbo ulitoka nje ukaivamia klabu. Klabu yenyewe ilikuwa sehemu ya muktadha uliouzaa na kuulea.

Fani: mahadhi ya kuazima

Sifa moja ya nyimbo hizi ni kuazima mahadhi. Wimbo uitwao "Billy Boys", ambao umewaletea Rangers adhabu mara kadhaa, unafuata mahadhi ya "Marching Through Georgia", wimbo wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani uliotungwa na Henry Clay Work mwaka wa 1865. Jina lake linahusishwa na genge la mtaa wa Bridgeton, Glasgow, la miaka ya 1920 na 1930 chini ya Billy Fullerton. Kimaudhui ni majigambo: waimbaji wanajitambulisha, wanajisifu, kisha wanafurahia damu ya "Wafenia". Neno hilo hapo awali lilirejelea wanachama wa vuguvugu la karne ya 19 la kupigania uhuru wa Ayalandi, lakini mitaani Glasgow limegeuka kuwa tusi kwa kila Mkatoliki.

Mbinu hii si ngeni kwetu. Nyimbo za kampeni za mwaka wa 2002 nchini Kenya ziliazima mahadhi ya kanisani na zikaenea nchi nzima kwa kasi. Mahadhi yanayojulikana hayahitaji kufunzwa. Mtu huingia katika kiitikio kabla hajayapima maneno, na takriri humalizia kazi. Kwa hivyo mtahiniwa asiishie kuandika kwamba takriri "huleta mdundo". Takriri vilevile humzoesha mwimbaji kutamka kwa furaha jambo ambalo asingethubutu kulisema akiwa peke yake na jirani yake.

Matini na utendaji

Je, ubaya wa wimbo umo katika maneno peke yake? La hasha. Tuchukue "The Fields of Athenry", uliotungwa na Pete St. John katika miaka ya 1970. Unasimulia kisa cha mtu wa wakati wa njaa kuu anayehamishiwa Australia kwa kosa la kuiba nafaka ili aulishe uzao wake. Ni wimbo wa huzuni usiomtusi mtu wa dhehebu lolote. Mashabiki wa Celtic huuimba, na vilevile huimbwa katika mechi za raga za Ayalandi. Hata hivyo, baadhi ya mashabiki wa Celtic wamekuwa wakipachika, katika nafasi zilizo kati ya mishororo, vilio vya kuisifu IRA, kundi lililobeba silaha katika mgogoro wa Ireland Kaskazini ulioua takriban watu 3,500. Matini yalibaki safi huku utendaji ukichafuka.

Kinyume chake ni wimbo wa "Famine Song" ulioimbwa na baadhi ya mashabiki wa Rangers mwaka wa 2008. Wimbo huu unawaambia wenye asili ya Kiayalandi kwamba njaa imekwisha, basi warudi kwao. Anayeambiwa hivyo huenda alizaliwa Glasgow, na babu yake pia. Shabiki mmoja alipopatikana na hatia, alikata rufani. Mwaka wa 2009 mahakama ya rufani ya jinai ya Uskoti ilishikilia hukumu na kuuona wimbo huo kuwa wa kibaguzi, wala si maoni ya kisiasa tu. Hapa matini yenyewe ndiyo yenye sumu. Funzo kwa mtahiniwa ni kwamba wimbo simulizi huhakikiwa kwa vigezo viwili sambamba: kinachosemwa, na namna kinavyotendwa mbele ya hadhira mahususi.

Je, huu ni utani?

Utetezi wa kwanza wa mashabiki ni kwamba nyimbo hizi ni mzaha wa uwanjani na hazipaswi kuchukuliwa kwa uzito. Kiswahili kinatupa kigezo kizuri cha kuupima utetezi huu, nacho ni dhana ya utani. Simba na Yanga za Tanzania huitwa watani wa jadi. Gor Mahia na AFC Leopards za hapa Kenya, zilizochipuka katika jamii za Waluo na Waluhya, huitwa mashemeji. Majina haya mawili ni ya udugu. Mtani katika jamii nyingi za Tanzania huruhusiwa kukutania hata matangani, lakini ndiye pia anayetarajiwa kushika jembe na kusaidia mazishi. Utani una haki na una wajibu.

Tukitumia kigezo hiki, wimbo unaosherehekea damu ya jirani au unaomwambia arudi kwao hauwezi kuwa utani, kwa kuwa unaukana ule udugu ambao utani huegemea. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mwaka wa 1995 kijana wa miaka 16 aliyekuwa akirudi nyumbani kutoka mechi ya Celtic aliuawa kwa kukatwa shingo na mtu asiyemjua, katika mtaa ule ule wa Bridgeton. Mwaka wa 2000 mwanafunzi aliyesoma naye alianzisha shirika la Nil by Mouth la kupambana na chuki za kimadhehebu. Hatudai kwamba wimbo ulishika kisu. Tunachosema ni kwamba wimbo ulikuwa umekwisha kumfundisha mwuaji nani ni adui.

Wajibu wa vilabu

Katika fasihi simulizi tumezoea kumtenga fanani na hadhira. Uwanjani mpaka huo hufutika: hadhira ndiyo fanani, nao ni maelfu. Vilabu vimeitumia hali hii kama ngao. Klabu, husemwa, haiwezi kuziba midomo elfu hamsini. Tena vilabu havikukaa bure kabisa. Celtic ilianzisha kampeni ya "Bhoys Against Bigotry" mwaka wa 1996, na Rangers ikaanzisha "Pride Over Prejudice" mwaka wa 2003.

Hoja ya muktadha nayo ilitumiwa kwa namna ya kushangaza mwaka wa 2006. Baada ya mechi za Rangers na Villarreal ya Uhispania, kamati ya nidhamu ya UEFA iliiondolea Rangers shtaka la nyimbo za kibaguzi kwa sababu wimbo huo ulikuwa umeimbwa kwa miaka mingi Uskoti bila mamlaka kuuzuia. Kamati ya rufani ilibatilisha uamuzi huo na kuitoza klabu faini. Mhakiki atakubaliana na kamati ya pili. Muktadha hueleza kwa nini wimbo upo. Haumwondolei lawama anayeuendeleza. Ukongwe wa kosa haujapata kuwa kibali.

UEFA hufuata kanuni kwamba klabu huwajibikia mwenendo wa mashabiki wake hata kama viongozi hawakukosea. Kwa kanuni hiyo, Rangers ilitozwa faini mwaka wa 2011 kwa nyimbo zilizoimbwa dhidi ya PSV Eindhoven, na mwaka huo huo Celtic ikatozwa kwa nyimbo za kuisifu IRA katika mechi dhidi ya Rennes. Mwaka wa 2019 Rangers iliamriwa kufunga sehemu ya uwanja wa Ibrox yenye viti visivyopungua 3,000. Lakini pendekezo la kuleta kanuni kama hiyo katika soka ya Uskoti lilipoletwa mwaka wa 2013, vilabu vyenyewe vililikataa kwa kura. Bunge la Uskoti lilikuwa limepitisha sheria ya kuadhibu tabia za chuki katika kandanda iliyoanza kutumika mwezi wa Machi 2012, lakini ililalamikiwa kwamba inawaandama mashabiki, na ikafutwa mwaka wa 2018.

Kuna pingamizi moja la haki. Kufunga jukwaa humwadhibu pia shabiki aliyenyamaza. Ni kweli, na ndiyo maana mwimbaji binafsi anapaswa kujibu mashtaka yake mwenyewe. Hata hivyo, klabu si mpita njia. Ndiyo inayouza tiketi, huchagua muziki wa vipaza sauti, humpiga marufuku inayemtaka na huvuna pesa za uhasama huo. Mwaka wa 1999 makamu mwenyekiti wa Rangers, Donald Findlay, alijiuzulu baada ya kunaswa kwenye video akiimba nyimbo za kimadhehebu katika sherehe ya ushindi wa kombe dhidi ya Celtic. Wimbo ulikuwa umefika meza kuu. Mwenye ngoma hawezi kudai kwamba hajui kinachochezwa uani mwake.

Kwetu

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilitufunza kwamba maneno hutangulia panga. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka wa 2008 ilitokana na funzo hilo. Lakini sheria haifiki katika basi la shule linalorudi kutoka mashindano ya wilaya au kaunti, wanafunzi wakiimba nyimbo za kuikejeli shule jirani kwa kutaja kabila lake. Mwalimu aliyeketi kiti cha mbele ndiye klabu. Akicheka, ametoa kibali. Akizima wimbo na kuwauliza maana ya maneno waliyoimba, amefundisha fasihi simulizi kuliko kipindi kizima cha darasani.

Hitimisho

Nyimbo hukuza umoja. Hoja hii ibaki katika daftari zetu. Lakini mtahiniwa aongeze kwamba umoja unaojengwa kwa kumtoa jirani nje ya utu ni utengano uliovishwa mahadhi. Naye mhakiki asisifu fani huku akifumbia macho maudhui, wala asimwachie "jamii" lawama zote wakati mwenye jukwaa anajulikana.

Maswali ya udurusu

1. "Wimbo hukuza umoja na utengano kwa pamoja." Thibitisha kauli hii kwa kurejelea nyimbo mbili za jamii yako.
2. Tofautisha utani na matusi ya chuki katika fasihi simulizi.
3. Fafanua namna utendaji unavyoweza kubadilisha maana ya wimbo bila kubadilisha matini yake.
4. Jadili wajibu wa mwenye jukwaa katika uwasilishaji wa nyimbo za umati.