Gitaa Moja Mbele ya Kifo: Kazi ya Paulo Kafeero

Wapo miongoni mwetu, walimu wa Kiswahili wa Kampala, wanaoamini kuwa wimbo wa gitaa hauna nafasi darasani. Atajwapo Paulo Kafeero, husema huyo ni mwimbaji wa walevi, tena wa Kiganda, basi atuhusu nini? Twaona yafaa dhana hiyo ipimwe kwa mizani ileile tunayowapimia watunzi wa tenzi.

Kafeero alizaliwa mwaka 1970, akafariki mwaka 2007 kabla hajatimiza miaka 37, akazikwa kwao Kayunga. Katika muda huo mfupi alipata sifa ambayo wengi huitafuta maisha yao yote wasiipate. Muziki wake huitwa kadongo kamu, yaani gitaa moja. Mwimbaji huwa na gitaa lake na kisa chake. Sauti hukaribia usemi wa kawaida, na chini yake hupita mwendo wa baakisimba, ngoma ya Waganda. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kulimwa na wakongwe kama Fred Masagazi, Christopher Sebadduka na Dan Mugula. Kafeero alipoipita alikuta udongo laini, lakini mbegu aliyopanda ilikuwa yake.

Wengine huufananisha muziki huu na ule wa mashambani Marekani, uitwao kantri. Mfano huo una ukweli ndani yake. Jimmie Rodgers, aliyekuwa mfanyakazi wa reli, aliimba habari za watu wa chini kwa gitaa, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na miaka 35. Santuri zake zilifika hata kwetu: mwaka 1950 Hugh Tracey aliwakuta Wakipsigis wa Kenya wakimwimba kwa jina la Chemirocha, nao wakimdhania kiumbe nusu mtu nusu paa. Hata hivyo tusikosee kudhani kuwa kadongo kamu ni mtoto wa kantri. Mizizi yake imo katika hadithi, methali na ngoma za Buganda. Kinachowaunganisha waimbaji hawa wawili ni kwamba kila mmoja aliwafanya watu wasiohesabiwa wajisikie wakisemwa kwa lugha yao.

Wimbo uliomkuza Kafeero ni Walumbe Zaaya, wa miaka ya 1990. Asiyeijua hadithi ya Kintu na Nambi hawezi kuuonja sawasawa. Walumbe ni Kifo mwenyewe, ndugu yake Nambi. Aliwafuata duniani baada ya kurudiwa ulezi wa kuku uliokuwa umesahauliwa. Nduguye Kayikuzi akaja kumkamata, naye akatokomea ardhini kule Ttanda. Kafeero hakujitungia mungu mpya wala hakuazima msiba wa ugenini. Alimwita adui kwa jina ambalo kila bibi wa Kiganda humsimulia mjukuu wake, akamlalamikia mbele ya watu wote.

Hapa mwalimu wa Kiswahili hana budi kuikumbuka Al-Inkishafi. Sayyid Abdallah aliyatazama magofu ya Pate, akauonya moyo wake usihadaike na ulimwengu. Kafeero naye alitazama makaburi. Lakini wa kwanza anajisemesha nafsi yake, na wa pili anamsemesha Kifo. Wa kwanza anatafuta toba, wa pili anadai jawabu. Mwanafunzi akiziweka kazi hizi mbili pamoja ataelewa kwa haraka kuwa dhamira moja yaweza kuvaa fani mbili, na kwamba mtunzi huheshimiwa kwa namna anavyoivika.

Katika Dipo Nazigala mtunzi huyohuyo anageuka mchekeshaji, akimwonyesha mlevi na aibu zake. Wanaomwita mwimbaji wa walevi hawajausikiliza wimbo huu hadi mwisho. Kicheko chake kina ncha, na anayechomwa mara nyingi ni yule anayecheka.

Hatusemi kuwa hana kasoro. Nyimbo zake hurefuka, na mara nyingine mafunzo hurudiwa baada ya msikilizaji kuwa amekwisha kuyapata; hadithi ilitosha, mahubiri yakazidi. Tena, kadongo kamu kwa jumla humpa mwanamke lawama kuliko haki yake: aghalabu yeye ndiye mshawishi na mharibifu wa nyumba. Mwalimu asizifiche kasoro hizi. Azifanye maswali ya mjadala, maana kazi isiyoweza kuhojiwa haifundishi.

Kuhusu lugha, twauliza: je, Kiganda ni kizuizi? Herman Basudde, aliyefariki mwaka 1997, aliuita wimbo wake mmoja Bus Dunia, na neno dunia halihitaji mkalimani kwetu. Kwa miaka mingi Kiswahili kimeogopwa katika Buganda kama lugha ya askari. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini amri haimfanyi mtoto aipende lugha. Ataipenda akiona kuwa inaweza kubeba kilio cha kwao bila kukimwaga njiani.

Basi, walimu wenzetu, tunashauri jambo dogo. Wanafunzi wausikilize Walumbe Zaaya, wakieleze kisa chake kwa Kiswahili chao wenyewe, kisha wabishane. Nyimbo hizi zilienea kwa kanda, na kanda huoza. Mwimbaji ametutoka, tukizembea, hata kazi yake Walumbe ataichukua.