Kinanda Kijipigacho: Je, Chastahili Gharama?

Huko Marekani na Uingereza zimo nyumba nyingi ambamo piano ya zamani imesimama ukutani, urithi wa babu. Zamani ilijipiga yenyewe. Sasa ni bubu. Wenyewe huulizana: Tuitengeneze au tuitupe? Wako wasemao kwamba kila kitu cha kale ni cha thamani, na wako wasemao kwamba kitu kibovu ni kuni tu. Sisi twaona ya kuwa pande zote mbili zimehukumu kabla ya kusikiliza shauri.

Kwanza yafaa tujue jinsi ifanyavyo kazi. Chombo cha namna hii kilitengenezwa na Edwin Votey huko Detroit mwaka 1895. Ndani mna mivukuto, kama katika kinanda cha kanisani, na mtu akanyagapo hewa hunyonywa. Karatasi ndefu yenye matundu hupita juu ya kipande cha shaba, ambacho tangu mapatano ya mwaka 1908 kwa kawaida kina matundu 88, moja kwa kila sauti. Tundu la karatasi likikutana na tundu la shaba, hewa huingia, kivukuto kidogo hunywea, na nyundo huupiga uzi.

Mwaka 1923 zaidi ya nusu ya piano zilizotengenezwa Marekani zilikuwa za namna hii. Basi hoja ya kwanza yaanguka: kitu hiki ni cha kale, lakini si cha adimu. Redio na gramafoni zilipoenea, na shida ya fedha ilipoingia mwaka 1929, biashara yake ikafa.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na tuhesabu. Kitambaa cha mivukuto hukauka na kupasuka, mirija ya mpira huwa migumu, na fundi hana budi kuvifungua vivukuto vyote, kimoja kimoja, na kuvivika upya. Mara nyingi gharama hupita bei ya piano yenyewe ikiisha kupona. Tena haifai kuiponya mitambo ya hewa hali piano ni mgonjwa. Nyuzi zake zapita 200, na mvuto wake wote wafika tani 15 na zaidi. Gogo lishikalo vigingi likiwa limepasuka, sauti haitakaa.

Je, itupwe? La, msiharakishe. Mwaka 1905 Gustav Mahler alipiga nyimbo zake mwenyewe huko Leipzig kwa mtambo wa Welte, ulioandika hata nguvu ya vidole vyake. Alikufa mwaka 1911, lakini mtambo wa namna hiyo ukitengenezwa vema, twasikia alivyopiga. Huo wastahili gharama kubwa. Scott Joplin naye, mtu mweusi wa Marekani ambaye baba yake alikuwa mtumwa, alipiga karatasi kadhaa mwaka 1916, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Hizo zapigwa na piano ya kawaida; walakini matundu yake hayakuandika nguvu ya mkono, na watengenezaji waliyasahihisha. Nguvu na upole hutoka katika mguu wa akanyagaye. Kwa hiyo jina “kijipigacho” ni nusu ya kweli tu.

Hapo ndipo shauri lenyewe. Siku hizi matundu ya karatasi hunakiliwa kwa kompyuta, na nyimbo hazipotei piano ikifa. Kitakachopotea ni kazi ya mguu. Hukumu yetu basi ni hii: piano ikiwa nzima na pana mtu nyumbani atakayeikanyaga, itengenezwe, ijapokuwa fedha haitarudi. Pasipo mtu huyo, apewe mwingine atakayeitumia.

Na itengenezwe kwa gundi ya ngozi, ifungukayo kwa moto na maji. Sisi tumeona kinanda cha shule kilichobandikwa kwa gundi kali. Mivukuto ilipotoboka tena, fundi wa pili hakuweza kuifungua bila kuivunja mbao. Yule wa kwanza alitengeneza kwa siku yake tu, wala hakumfikiri atakayekuja baada yake.