Popo Mkarimu wa Kijuju: Kusoma Umbo la Gemu Kibandani Sigor

Katika kibanda kimoja cha gemu pale Sigor (hii ya Chepalungu, kaunti ya Bomet, si ile ya Pokot Magharibi ambayo wageni huichanganya nayo) mchezo hauuzwi kwa saa wala kwa siku. Huuzwa kwa mechi. Wanaojazana kwenye benchi lake moja wamezoea hesabu za namna hiyo. Mchuma majani chai kule juu hulipwa kwa kilo, mwenye ng'ombe hulipwa kwa lita, na humu ndani burudani nayo imepewa kipimo chake, ambacho kikiisha padi hutoka mkononi na kwenda kwa anayengoja. Mhakiki aliyezoea kuitazama gemu kama kazi kamili, yenye mwanzo mmoja na tamati moja inayofikiwa baada ya saa nyingi za upweke sebuleni, akiingia humo hulazimika kujiuliza swali ambalo sebule haikumuuliza: kazi hii ikikatwa, kila kipande kinasimama?

Neno kipande nalikopa kutoka arudhi. Mshororo wa shairi la kimapokeo hugawika vipande, ukwapi na utao, na mtunzi stadi huhakikisha kwamba ukwapi una pumzi yake mwenyewe hata kabla utao haujaja kuukamilisha. Kwa kipande cha mchezo namaanisha muda mfupi kuliko wote wenye mwanzo, mvutano na kikomo, ambao mkono unaweza kuutambua bila kuijua kazi nzima. Si lazima kilingane na hatua au misheni, kwa kuwa hivyo ni vigao vya watengenezaji. Kipande ni kigao cha mchezaji. Naona kwamba tanzu za gemu hutofautiana kwa urefu wa vipande vyake, na kwa namna kipande kimoja kinavyofungwa kwa kingine, zaidi ya zinavyotofautiana kwa mpira, ngumi, maiti au mji unaoonekana kwenye skrini. Uhakiki wetu umezoea kutenganisha fani na maudhui. Hapa fani ina kiungo cha ziada, nacho ni kidole gumba.

Soka ndiyo mfano ulio wazi. Mfululizo wa FIFA ulianza mwaka 1993, na tangu Septemba 2023 unaitwa EA Sports FC, ingawa kibandani jina halijabadilika na sidhani litabadilika. Ufundi wake mkubwa haumo katika nyasi wala jasho la nyuso. Umo katika saa. Mwenye kibanda akipanga kila kipindi kiwe cha dakika nne, saa ya uwanjani hukimbia kwa zaidi ya mara kumi na moja ya kasi ya saa ya ukutani, ilhali miguu ya wachezaji inakimbia kwa mwendo ambao jicho linaukubali kuwa wa kawaida. Shambulizi la sekunde kumi, kutoka mikononi mwa kipa hadi mlango wa pili, humeza karibu dakika mbili za mechi. Dakika kumi za mwisho, zile ambazo katika soka ya kweli zina nafasi ya kukata tamaa na kutumaini upya, hubaki sekunde hamsini na tatu hivi. Hakuna anayeudhika, kwa sababu macho hufuata miguu na moyo hufuata saa, na viwili hivyo havikutanishwi isipokuwa mwishoni, pale anayeongoza anapoanza kuurudisha mpira kwa beki wake na benchi zima likapiga kelele kana kwamba limeibiwa. Kipande hiki kimefungwa vizuri mno. Ndiyo maana pia hakina kumbukumbu: mechi inayofuata haijui lolote kuhusu iliyopita, na ile sehemu ya kuongoza klabu kwa misimu kadhaa, ambayo watengenezaji wanaipamba kila mwaka, humu ndani ni chumba kisichofunguliwa.

Watangazaji wa Kiingereza waliorekodiwa nao hawasikiki. Sauti hupunguzwa na benchi huchukua kazi hiyo kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kipsigis, na kama mchezaji amechagua Tottenham ya miaka ile ya Victor Wanyama, jina moja hutajwa mara nyingi kupita mipira anayoigusa mwenye jina.

Gemu za mapigano zina kipande kifupi zaidi, na nathubutu kusema zina sarufi safi zaidi. Tekken 3, iliyoingia kwenye PlayStation mwaka 1998 na ambayo bado hutolewa mashine mpya ikiharibika, inatumia vitufe vinne kwa viungo vinne: mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Uamuzi huo ni wa kishairi kwa sababu padi inageuka kuwa mwili. Anayejifunza hakariri orodha ya siri za kubonyeza. Anajifunza kutunga sentensi kwa viungo, na mpinzani wake, aliye ubavuni pake bega kwa bega, lazima aijibu kabla haijafika kituoni. Undugu wa utanzu huu na mashairi ya kujibizana si wa kubahatisha: katika yote mawili ubeti hauna maana kamili mpaka umejibiwa. Kasoro yake maarufu inaitwa Eddy Gordo, mcheza capoeira ambaye miguu yake huzunguka kwa wepesi kiasi kwamba mtoto anayebonyeza ovyo hupata sentensi fasaha kuliko mtu aliyefanya mazoezi mwezi mzima. Wakubwa humdharau anayemchagua. Mimi naona ni mwanya wa makusudi, mlango mdogo ulioachiwa wageni waingie katika lugha kabla ya kuijua. Anayetaka kuona sarufi hiyo ikikomaa na amtazame Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, ambaye Tekken 7 ilimpeleka hadi kusajiliwa na timu ya UYU.

Mambo hubadilika tukifika kwenye gemu za masimulizi. Resident Evil 5 ya Capcom, iliyotoka Machi 2009, haikuandikiwa benchi. Inataka usiku mrefu, mwanga hafifu na mtu asiyesemeshwa. Hata hivyo ina vitu viwili vinavyoifanya istahimili kukatwa. Kwanza, ni ya watu wawili: Chris Redfield na Sheva Alomar hutembea pamoja, skrini hugawanywa madirisha mawili yaliyopishana kidogo, na mmoja akianguka mwenzake ana muda mfupi wa kumfikia, la sivyo wote wawili wamekwisha. Pili, ina kanuni ya mwili ambayo wengi waliilalamikia nami naitetea: ukiinua bunduki ulenge, miguu inasimama. Hofu yote ya gemu hii imejengwa juu ya kanuni hiyo. Katika tukio la mapema la uwanja wa mji, ambapo mtu mwenye kipaza sauti anauchochea umati na mashujaa wetu wanajifungia ndani ya nyumba wakisukuma kabati kuziba madirisha hadi helikopta ije, kila risasi inanunuliwa kwa kusimama, na kila kusimama kunaupa umati hatua moja mbele. Hicho ni kipande kamili. Kijana ambaye hajui Chris ni nani wala alitoka wapi anaweza kukicheza, kukipoteza, na kumpisha mwingine akiwa ametosheka.

Lakini Sigor inaisoma gemu hii kwa sikio ambalo Capcom haikulitarajia. Mji wenyewe unaitwa Kijuju na tunaambiwa uko Afrika Magharibi. Wakazi wake waliogeuzwa kuwa maadui wanaitwa Majini, nao wanapiga kelele kwa Kiswahili. Tazama jina la mji: kiambishi chetu cha ki-, kile cha Kigiriyama na Kimakonde, kimebandikwa juu ya neno juju ambalo makao yake ni Afrika Magharibi, kana kwamba ramani mbili zimeshonwa kwa uzi mmoja. Tazama viumbe. Mdudu arukaye ni Kipepeo. Kile kinachorukia kichwa cha mtu ni Bui Kichwa, buibui aliyepunguzwa silabi. Na lile dubwana lenye mabawa linaitwa Popokarimu, ambalo masikio yetu hayana namna ya kulisikia isipokuwa kama popo mkarimu. Popo mkarimu! Nilipolisoma jina hilo kwa sauti na benchi likalisikia, hofu iliyojengwa kwa dakika ishirini ilivunjika kwa kicheko, na mmoja akauliza kama dubwana lingetukaribisha chai.

Kicheko hicho ni ushahidi wa kiuhakiki na nakipa uzito. Kinafichua mchezaji tarajiwa, yaani mtu ambaye umbo la gemu limemchora bila kumtaja. Kwa mchezaji huyo Kiswahili ni kelele ya onyo: kinamwambia kuna mtu nyuma ya ukuta, basi. Kwa msikilizaji wa Sigor kelele ileile ni msamiati, na umati uliokusudiwa kuwa wimbi unakuwa watu wenye lugha anayofanyia mtihani shuleni. Kionjo cha gemu hii cha mwaka 2007 kilizua mjadala mkali kwa picha ya mzungu akiwapiga risasi Waafrika, na mjadala ule ulishughulika zaidi na kilichoonekana. Kilichosikika kilipita kimya. Sidai kwamba kasoro hii inaiangusha kazi. Nadai kwamba inaipasua mahali ambapo mtengenezaji hakuona kuna mshono.

Kinyume chake halisi ni Halo 3: ODST, ya Bungie, iliyotoka 22 Septemba 2009, ambayo mwenye kibanda huicheza kwa Xbox 360 ya mtumba baada ya wateja kuondoka. Matukio yake yako New Mombasa, mwaka 2552, mji uliovamiwa na viumbe kutoka anga za mbali. Majina ya mahali ni yetu kabisa: Tayari Plaza inamkumbusha Mmombasa Mwembe Tayari, na kuna Kizingo Boulevard na Kikowani Station, majina ya maeneo ambayo mtu anaweza kuyatembelea leo. Ila Kiswahili chenyewe hakisemwi. Mashine inayouendesha mji humwelekeza mchezaji kwa ishara za barabarani za Kiingereza. Gemu moja ilichukua ulimi ikaacha mahali. Nyingine, mwaka uleule, ilichukua mahali ikaacha ulimi.

Kwa umbo, hata hivyo, ODST ndiyo iliyonishangaza zaidi. Mhusika wetu, askari mgeni asiye na jina wala sauti, anazinduka usiku, saa sita baada ya wenzake kutawanyika, na mvua inanyesha. Mji uko wazi. Anatembea peke yake chini ya saksofoni na piano za Martin O'Donnell na Michael Salvatori, akitafuta mabaki ya wenzake. Kila anapookota kifaa kimoja, kofia iliyopasuka au bunduki iliyopinda, usimulizi hurudi nyuma hadi mchana, nasi tunacheza mapigano ya mmoja wa wenzake hao, halafu tunarudishwa kwenye mvua. Baada ya kifaa cha kwanza, mpangilio wa vinavyofuata huachiwa mchezaji. Usiku ni uzi na mchana ni shanga. Mchana una makelele, magari na marafiki. Usiku una kutembea zaidi, na ni kutembea huko kunakompa mchezaji muda wa kuhuzunika kuhusu watu aliowacheza dakika tano zilizopita. Gemu nyingi za kupiga risasi zinaogopa kimya. Hii imekifanya kibwagizo.

Kazi inayosimulia mtu mmoja mpweke imegeuka basi, bila kubadilishwa hata nukta, kuwa kazi ya watu wengi. Mwenye kibanda alianza kuwaruhusu vijana wawili watatu wanaobaki kumsaidia kufunga wacheze kifaa kimoja kila jioni, stima ikiwepo, wakiendeleza mchezo mmoja uliohifadhiwa. Wa Jumatatu aliokota kofia. Wa Jumanne hakuambiwa kilichotokea. Alikuta askari amesimama kwenye mvua mahali ambapo mwenzake alimwacha, akatazama ramani kidogo, akachagua njia ya kushoto.