Utando wa Feraiti: Unene Usibebeshwe Kila Lawama

Fundi wa redio pale Nakivubo, Kampala, anaishika feraiti kila siku, hata kama haiiti kwa jina hilo. Ndiyo sumaku nyeusi ya duara nyuma ya spika, na ndiyo kijiti cheusi kilichoviringishiwa waya wa shaba ndani ya redio ili kunasa mawimbi. Ni kauri ya oksidi ya chuma: ikianguka hupasuka. Ikibanwa kwa nguvu, usumaku wake hubadilika kidogo, maana atomu husogeleana na mielekeo inayopendwa na sumaku nayo hugeuka.

Maabara hulifanya hilo kwa makusudi, kwenye utando wa nanomita chache hadi mia kadhaa. Hapo hapana jiriwa wala skrubu. Kinachobana ni kitako ambacho utando umeoteshwa juu yake. Chukua feraiti ya kobalti: upande mmoja wa fuwele yake ni nanomita 0.8392. Kitako cha oksidi ya magnesiamu kina 0.4212, na mbili za hizo ni 0.8424. Feraiti hulazimika kufuata kitako, hivyo huvutwa ubavuni kwa takriban asilimia 0.4 na kupungua kimo. Kwa feraiti nyingi kiasi hicho kingepita bila kishindo, lakini kobalti ni mkaidi: umbo la fuwele yake na mwelekeo wa sumaku vimefungamana kuliko kawaida. Sumaku huupenda upande uliofupishwa, basi husimama wima, ingawa utando mwembamba kwa kawaida huilaza.

Mwaka 2007, A. Lisfi na wenzake walieleza katika jarida la Physical Review B jinsi walivyoufuatilia mgeuko huo. Kwenye tando nyembamba sumaku ilisimama. Unene ulipofika kama nanomita 300, ililala. Wengi husoma matokeo hayo na kusema unene ndio uliofanya kazi. Mimi nasema unene ulikuwa saa tu. Kadiri tabaka zinavyoongezeka, nishati ya huko kuvutwa na kitako hulimbikizwa, mpaka fuwele ipate nafuu kwa kuvunja mpangilio wake hapa na pale na kurudi kwenye umbo lake la asili. Mvuto ukiisha, umbo bapa la utando hushinda.

Wala usidhani kitako kisichooana kabisa ndicho kinachobana zaidi. Spineli ya magnesiamu na alumini, yenye upande wa nanomita 0.8083, ingepaswa kuibana feraiti ya kobalti kwa karibu asilimia 4. Mbano huo hauvumiliki: utando hujivunjia mpangilio mapema, na kinachobaki ni sehemu tu ya mbano uliotarajiwa. Ndiyo maana mtafiti makini hakokotoi mvuto kwa vitabu, bali huupima kwa eksirei, ubavuni na wima.

Kuna mhusika mwingine anayesahaulika. Mwaka 1997, Margulies na wenzake walieleza kwa nini tando za magnetiti, ambayo nayo ni feraiti, juu ya oksidi ya magnesiamu hazikubali kujaa sumaku hata zikiwekwa kwenye uga mkali. Utando huanza kama visiwa vingi. Kwa kuwa fuwele ya feraiti ni kubwa mara mbili ya ile ya kitako, visiwa viwili vinaweza kuanza hatua tofauti, na vikikutana safu za chuma hazilingani. Kwenye mpaka huo sumaku za pande mbili hupingana. Utando ukinenepa, mipaka hupungua, na mvuto nao hupungua katika kipindi hicho hicho. Ukibadili unene peke yake, utawatofautishaje wawili hawa? Jibu ni kuotesha unene uleule juu ya vitako tofauti, na kuihesabu mipaka kwa darubini ya elektroni.

Kisha kuna kipimo chenyewe cha usumaku. Utando wa nanomita 10 juu ya kitako cha nusu milimita una kitako kinene mara 50,000 kuliko wenyewe, na kitako hicho nacho hutoa ishara yake, ambayo lazima iondolewe. Koleo ya chuma ikikwaruza ukingo wa sampuli, chembe inayobaki hapo yatosha kuleta usumaku wa bandia. Sampuli hizi hushikwa kwa koleo za plastiki au titani.